Red Buttons wa Momella na kazi ya mwigizaji msaidizi

Ukiitaja Hatari!, filamu ya Marekani ya wakamata wanyamapori iliyopigwa huku kwetu, hapa Arusha watu watamtaja nyota wake John Wayne, halafu Mjerumani Hardy Krüger, mwigizaji mwenzake aliyenunua shamba Momella akaweka makazi. Kwa mwigizaji anayetaka kula kwa kazi hii miaka mingi, mtu wa kumtazama mle ndani ni Red Buttons, yule anayeitwa Pockets, dereva wa teksi wa zamani kutoka New York, anayebuni roketi ya kurusha wavu juu ya mti uliojaa tumbili. Filamu ilitoka 1962.

Jina lake halisi ni Aaron Chwatt, alizaliwa New York 1919. Alianzia kwenye vichekesho vya jukwaani, akafika Broadway, na 1952 akapata kipindi chake mwenyewe cha televisheni. Marekani nzima ilimjua kwa kawimbo kake na mkono alioweka sikioni. Kipindi kilipokufa 1955, kazi zikakauka. Kilichomrudisha ni filamu ya Sayonara ya 1957, alipoigiza askari wa Marekani aliyeoa Mjapani wakati wakubwa wake hawataki. Uchekeshaji uliompa jina hakuubeba kwenye nafasi ile, na akapata Oscar ya mwigizaji msaidizi.

Halafu angalia mwaka ule ule wa 1962. Pockets haishiwi maneno. Kwenye The Longest Day, filamu ya Vita vya Pili vya Dunia, yeye ni John Steele, askari wa mwamvuli aliyenasa kwenye mnara wa kanisa la Sainte-Mère-Église, Ufaransa, Juni 1944, ananing'inia akijifanya maiti huku kengele inalia. Hapo hana mikono wala miguu ya kuchezea, ana uso tu. Mtu anayeweza yote mawili haachwi nyumbani: 1972 alikuwemo kwenye The Poseidon Adventure, na 2005, akiwa na miaka zaidi ya 80, aliteuliwa kuwania Emmy, tuzo ya televisheni ya Marekani, kwa nafasi ya mgeni kwenye tamthilia ya ER. Alifariki 2006.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Tuseme wewe ni jirani, uko mgahawani, unamwambia mhusika mkuu kwamba shamba la baba yake limeuzwa. Una sentensi nne na kikombe cha chai. Jukwaani utainua kikombe unavyojisikia usiku ule. Kwenye filamu sini hiyo, yaani tukio hilo moja, itapigwa kwa mbali, kisha upande wa mwenzako, kisha uso wako, na kila mara kikombe kiinuke kwenye neno lile lile, kwa mkono ule ule, chai ikiwa kwenye kimo kile kile. Ukinywa kwenye "shamba" mara ya kwanza na kwenye "limeuzwa" mara ya tatu, mhariri hana pa kukatia. Atabaki kwenye uso wa staa, sauti yako ikipita kwa nyuma. Wasaidizi wengi wazuri wamepotea kwenye filamu kwa njia hiyo, na uigizaji wao haukuwa na kasoro.

Dawa ni penseli. Kwenye skripti weka alama juu ya neno la kuinua na neno la kushusha. Piga mafunda madogo. Usishushe kikombe mezani wakati mtu yeyote anaongea, kwa sababu kishindo kinaingia kwenye maiki na maneno hayasafishiki tena. Andazi likatwe vipande vidogo kabla. Anayelishambulia teki ya kwanza, yaani sini ikirekodiwa mara ya kwanza, atalichukia teki ya nane.

Kamera ikiwa karibu, chagua jicho moja la mwenzako, lile lililo upande wa kamera, ubaki hapo. Macho yanayorukaruka kati ya mawili, kwenye skrini yanaonekana ya mtu mwongo. Na usidandie maneno ya mwenzako mpaka uambiwe, maana sauti zikipandana hazitenganishiki. Alama ya utepe wa gundi iliyobandikwa sakafuni kukuonyesha pa kusimama, usiitafute kwa macho: simama juu yake, rudi kinyumenyume mpaka unapoanzia ukihesabu hatua, basi umemaliza.

Huku kwetu kuna la ziada, wingu la asubuhi. Juni na Julai Arusha inaweza kukaa chini ya wingu mpaka mchana, kisha jua linafunguka ghafla, na sini iliyoanza na wingu haimaliziki na jua. Kwa kuwa uso wa msaidizi mara nyingi hupigwa mwisho, wewe ndiye unayebaki na dakika kumi za mwanga. Kwa hiyo usimalize machozi yako kwenye picha ya mbali, wala usitegemee kwamba kutakuwa na teki ya tano.

Tamthilia za televisheni hurekodiwa bila kufuata mpangilio: asubuhi msiba, mchana harusi iliyoutangulia. Kuwa na daftari, kila sini mstari mmoja: mhusika wangu anajua nini mpaka hapa, na amevaa nini.

Ukiitwa Dar ukitokea Moshi, mara nyingi ni kwa ajili ya Mchaga wa duka. Ukitokea Arusha, Mmasai mlinzi. Chukua kazi, lakini lafudhi itoke kwa mtu halisi unayemfahamu. Wa Rombo haongei kama wa Machame, na watazamaji wa kwao watajua kabla hujamaliza sentensi.

Usaili siku hizi hufanyika kwa WhatsApp. Laza simu kwa upana, simama mbele ya ukuta mtupu, uso uelekee dirishani, macho yawe pembeni kidogo ya lenzi. Anayekusomea maneno ya mwenzako asogee nyuma, la sivyo sauti yake itaifunika yako. Tuma teki moja uliyoichagua mwenyewe, pamoja na siku ulizo huru na ukumbusho kwamba nauli na malazi yanajadiliwa kabla hujapanda basi.