Siku moja ya kazi: kulitafutia shirika dogo la ndege cheti cha kuruka

Kazi yetu ni kushauri kampuni zinazoomba cheti cha uendeshaji wa ndege, ambacho watu wote wa Terminal One, jengo la uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, wanakiita AOC. Mezani kuna wateja wawili. Wa kwanza ni kampuni mpya yenye Cessna Caravan mbili, inayotaka kubeba abiria kati ya Dar es Salaam, Unguja na Mafia. Wa pili anaruka tayari na anataka kuongeza ndege kubwa zaidi, ATR 42. Leseni ya biashara ya usafiri wa anga wote wanayo. Leseni hiyo huangalia umiliki, mtaji na mpango wa biashara, lakini kwa leseni peke yake humpakii hata abiria mmoja. AOC ndiyo inayoruhusu, na njia yake ina hatua tano: mazungumzo ya awali, ombi rasmi, uhakiki wa nyaraka, maonyesho na ukaguzi, kisha cheti.

Saa 12:00 asubuhi, hanga

Wakaguzi wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, wanakuja kesho kuitazama Caravan ya kwanza. Sisi tunawatangulia. Tunaanza na kibati cha utambulisho: namba ya utengenezaji iliyogongwa pale lazima ifanane na cheti cha usajili, cheti cha ubora wa ndege na kumbukumbu za injini, tarakimu kwa tarakimu.

Kisha ELT, kifaa kinachotuma ishara kwa setelaiti kwenye masafa ya 406 MHz ndege ikianguka. Ndege iliyonunuliwa nje huja na msimbo wa nchi ilikotoka, na usipobadilishwa, siku ya ajali kitajitambulisha kama cha ndege ya nchi hiyo. Transponda, kifaa kinachoitambulisha ndege kwa rada, nayo ni hivyohivyo: anwani yake ya biti 24 hubadilika ndege inapopata usajili wa Tanzania, unaoanza na 5H. Mara nyingi herufi za ubavuni zimeshapakwa rangi mpya, ndani ya kisanduku bado usajili wa zamani. Dawa yake ni kazi fupi ya fundi wa avioniki (vifaa vya elektroniki vya ndege) pamoja na karatasi yenye sahihi yake. Ikigunduliwa na mkaguzi inakuwa hoja ya ukaguzi, na hoja huzaa ziara nyingine.

Majaketi ya kuokolea yanahesabiwa moja moja, na tarehe za kuisha muda zinasomwa. Caravan ina injini moja, kwa hiyo kipimo chake si maili 50 za baharini kutoka pwani kama kwa ndege inayoweza kuendelea kuruka injini moja ikizimika. Kipimo ni kama itaweza kunyiririka bila injini hadi nchi kavu. Kwa kimo kinachotumika kuvuka kwenda Unguja, usibishane: jaketi kwa kila mtu.

Mwisho, ripoti ya uzani. Uzito wa juu wa kupaa wa Caravan hii, aina ya 208B, ni kilo 3,969. Tuseme ndege tupu ni kilo 2,300 na marubani wawili kilo 170. Abiria 12 wa kilo 95 kila mmoja pamoja na mizigo wanakula 1,140. Kwa mafuta zinabaki kilo 359, wakati matangi yanabeba takribani 1,000. Mfanyabiashara aliyepanga bei za tiketi kwa matangi yaliyojaa na viti vilivyojaa amepanga safari isiyowezekana, na mkaguzi atapiga hesabu hiyohiyo.

Saa 3:00, ofisini

Sehemu hii ndiyo inayokula miezi. Kuna jedwali la uzingatiaji: kila kanuni ina mstari wake, na mbele yake kitabu, sura na ukurasa unaoijibu. Vitabu vyenyewe ni mwongozo wa uendeshaji wenye sehemu A hadi D (sera, ndege, njia na viwanja, mafunzo), mwongozo wa udhibiti wa matengenezo, mwongozo wa usalama, wa bidhaa hatari na wa ulinzi.

Kinachowaangusha wengi ni vitabu vya kuazima. Mtu ananunua faili la kampuni ya nchi nyingine na kubadilisha nembo. Ukurasa wa 40 bado unamtaka rubani aripoti tukio kwa mamlaka ya Afrika Kusini. Sehemu A inasema muda wa zamu hivi, sehemu D inafundisha vile, na programu ya kupanga marubani ina kikomo cha tatu. Mkaguzi akikuta mgongano mmoja wa namna hiyo huacha kusoma kwa sampuli na kuanza kusoma kila mstari. Ana haki.

Leo tunashughulikia MEL, orodha ya vifaa vinavyoweza kuwa vibovu na ndege bado ikaruhusiwa kuruka kwa muda. Hutayarishwa kutoka orodha mama ya aina hiyo ya ndege, na ya kwako haiwezi kuwa legevu kuliko hiyo. Kundi B hutengenezwa ndani ya siku 3, C siku 10, D siku 120, bila kuhesabu siku ubovu ulipoandikwa. Palipo na alama ya O au M, kampuni lazima iandike yenyewe rubani afanye nini na fundi afanye nini. Kunakili alama na kuacha nafasi tupu ni kosa la kila siku.

Mteja wa Caravan anataka pia idhini ya kubeba abiria usiku na ndani ya mawingu kwa injini moja. ICAO, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, inataka aina ya injini iwe na rekodi ya kupoteza nguvu chini ya mara moja kwa saa 100,000, na ndege iwe na vifaa kadhaa, kikiwemo cha kufuatilia mwenendo wa injini na cha kung'amua vipande vya chuma kwenye oili. PT6, injini ya Caravan, inafika hapo. Ushauri wetu ni kuanza na safari za mchana kwa kuona, idhini hiyo iombwe baadaye. Kila nyongeza kwenye ombi la kwanza inaongeza mkaguzi mwingine na foleni nyingine.

Saa 5:00, Banana

Ofisi za TCAA ziko makutano ya barabara za Nyerere na Kitunda. Leo ni usaili wa wakuu wa idara: urushaji, matengenezo, ubora, usalama, na yule anayewajibika kwa kampuni nzima. Huyu wa mwisho lazima awe na mamlaka ya fedha. Akiulizwa nani anaidhinisha kununua propela Jumapili usiku, na akajibu "nitamuuliza mwenye kampuni", usaili umeharibika.

Tatizo jingine ni mkuu wa matengenezo ambaye bado ana mkataba na kampuni nyingine. Wahandisi wenye sifa si wengi na wakaguzi wanawajua. Barua ya kuacha kazi kule iwe kwenye faili kabla ya jina kupelekwa.

Saa 7:00 mchana

Wali maharage, na cheti cha bima. Jina la kampuni lisilo na "Limited", au matumizi yaliyoandikwa ya binafsi badala ya kubeba abiria kwa malipo, hurudisha faili.

Saa 8:30, mteja wa ATR

Mkurugenzi anaona ndege kubwa zaidi. Mkaguzi anaona karibu kampuni mpya. Viti 48 vinaleta mhudumu wa ndani, na mhudumu analeta mwongozo wake, mafunzo yake na onyesho la kuhamisha abiria, ambapo kipimo kinachotumika sana cha kufungua milango ni sekunde 15. Marubani wanahitaji simuleta, iwe Johannesburg au Toulouse, na simuleta yenyewe ikubaliwe na TCAA kabla ya kulipia viti. Zimamoto nayo inabadilika: kwa urefu wa mita 12.7 Caravan iko kundi la 3, ATR 42 yenye mita 22.7 iko kundi la 4. Ramani ya njia za mteja huyu inaonyesha Seronera, uwanja wa changarawe wa Serengeti ulio zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari. Tumeifuta mpaka hesabu za kupaa kwenye joto la mchana zionekane.

Mpango wake wa mapato unategemea mawakala wa Ulaya. Juni 2025 Umoja wa Ulaya uliyaweka mashirika yote yenye cheti cha Tanzania kwenye orodha yake ya marufuku. Marufuku hiyo haizuii safari za ndani ya nchi, ila mawakala wanapaswa kuwaarifu wateja wao. Takwimu za abiria zirudiwe.

Jambo moja tunalisema bila kupepesa: usianze kulipia ukodishaji wa ndege wakati vitabu viko hatua ya tatu. Mwongozo wa ICAO unataka ombi rasmi liingie walau siku 90 kabla ya safari ya kwanza, na muda huo hutosha tu kwa faili safi.

Saa 10:30, zoezi la mezani

Ndege imepasuka tairi Mafia, rubani amebakiza saa mbili za zamu, abiria wana ndege ya kimataifa usiku. Mwongoza safari afungue kitabu aonyeshe hatua zake. Kwenye safari za maonyesho mkaguzi atauliza kitu kama hicho angani, ndege ikiwa haina abiria wa kulipa.

Saa 12:00 jioni

Kujibu hoja zilizobaki. "Tutawakumbusha wafanyakazi" si jibu. Jibu ni chanzo, kilichobadilishwa, ukurasa uliobadilika, na ushahidi wenye tarehe. Halafu mkoba wa nyaraka za ndege kwa ajili ya kesho: usajili, ubora wa ndege, leseni za marubani, kitabu cha safari, bima, uzani, leseni ya redio. Hii ya mwisho bado ina herufi za usajili wa zamani, kwa hiyo ombi la marekebisho linatumwa usiku huu na nakala yake inaingia mkobani.