Mshono mpya unaanzia wapi

Moshi, Februari

Januari imeondoka na ada zake, na cherehani nyingi za barazani hapa mjini zimepoa. Sare za shule zimeshachukuliwa, waliokuja kula Krismasi nyumbani wamesharudi Dar na kwingineko, na harusi nyingi zinasubiri Kwaresima ipite. Fundi anayetazama droo ya pesa peke yake ataiona hii kuwa miezi mibaya. Mimi naiona kuwa miezi ya kukusanya mawazo, maana ikifika Novemba hakuna fundi mwenye nafasi ya kuwaza. Mteja wa Desemba anataka gauni Jumamosi. Kichwa kikiwa kitupu siku hiyo, utamshonea kilekile ulichomshonea mwenzake, na watakutana ukumbini.

Watu wakiona kazi nzuri husema fulani ana kipaji, mawazo humjia tu. Sikatai kipaji. Lakini kaa karibu na fundi ambaye mishono yake haichoshi, utamwona akirudia mambo machache kila wiki, awe na kazi au asiwe nayo: anatazama, anaandika, anafumua, anajaribu kwenye kipande. Mawazo humkuta mikono ikiwa tayari inashughulika.

Kutazama kunahitaji kipimo. Hapa Moshi mlima huonekana vizuri alfajiri, kabla mawingu hayajaufunika, na karibu kila mtu ameshaupiga picha. Fundi autazame kwa namna nyingine: aandike rangi pamoja na kiasi cha kila rangi. Theluji ya Kibo ni ukanda mwembamba, na jua likichomoza huwa na wekundu mwepesi kabla ya kuwa nyeupe. Chini yake mwamba wa kijivu kinachokaribia bluu, kisha msitu wa kijani cheusi, mpana, halafu kijani cha migomba kinachong'aa. Ukinakili rangi hizo nne kwa kiasi sawa, gauni litakuwa na kelele. Ukiweka kijani cheusi kwenye sketi yote na wekundu mwepesi ukawa ukanda wa sentimita mbili shingoni, rangi zilezile zinatulia. Rangi bila kiasi chake haimsaidii fundi.

Halafu sogea karibu zaidi. Simama penye isale, ule mmea unaopandwa kwenye mpaka wa kihamba, yaani shamba la nyumbani la Wachagga, ulitazame jani moja moja. Kila jani linakumbatia shina kwanza, ndipo linafunguka nje, na la juu linafunika mahali la chini lilipoanzia. Hapo kuna mkono wa gauni wa tabaka tatu. Kata kila tabaka upana wa sentimita 8 baada ya kupindwa, lakini uyapandishe kwa kuachana sentimita 5, ili la juu lifunike mshono wa la chini kwa sentimita 3. Ukiyaachanisha kwa 8 kamili, mishono itachungulia mtu akiinua mkono. Ukiyabana kwa sentimita 2 au 3, mkono unakuwa mzito na kitenge kinasimama badala ya kulala. Anza kushona tabaka la chini kabisa ukipanda juu, la sivyo kila ulichokwisha kushona kitakuja kuingia chini ya mguu wa cherehani. Na isale la mtu halikatwi kwa ajili ya mchoro. Wachagga huombana msamaha kwa jani hilo, kwa hiyo lichore palepale lilipo.

Daftari liwe dogo la kuingia kwenye mfuko wa aproni, na uandike kwa penseli, kwa sababu wino wa kalamu husambaa ukiguswa na mvuke wa pasi au mkono wenye jasho. Kila ukurasa uwe na tarehe, mchoro wa dakika mbili, mahali ulipokiona kitu, na sentensi moja yenye kitenzi: "Funika mshono wa bega kwa ukanda." Ukiandika "bega zuri", baada ya mwezi hutajua ulikuwa unasema nini. Simu nayo ni nzuri, ila picha hujaa zikasahauliwa. Mara moja kwa wiki chagua picha tatu tu, uzichore kwa mkono, nyingine uzifute. Mkono ukichora unalazimika kuamua mshono unaanzia wapi na zipu inakaa upande gani, mambo ambayo picha huyaficha. Kuhusu rangi, usiiamini simu wala taa ya dukani. Toa kitambaa barazani ukitazame kwenye mwanga wa jua. Rangi mbili zinazofanana kabisa chini ya taa zinaweza kuachana vibaya nje, kwa kuwa taa haina mchanganyiko wa mwanga ulio kwenye jua.

Shule kubwa kuliko zote hapa mjini, kwa maoni yangu, ni mitumba. Nenda kwenye masoko ya Memorial au Kiboriloni utafute koti au gauni lililoshonwa vizuri ambalo limetoboka au lina doa lisilotoka. Hilo huuzwa bei ya chini, na wewe hulitaki kwa kuvaa. Kabla hujalifumua, ligeuze nje ndani ulisome: bitana imeshikwa wapi, mfuko umeimarishwa na nini, kola ina vipande vingapi. Weka alama ya chaki kwenye kila kipande, kushoto na kulia, mbele na nyuma, na mshale unaofuata uzi wa urefu wa kitambaa. Kisha fumua kwa wembe, ukikata uzi mmoja kila baada ya mishono mitatu au minne badala ya kuuvuta wote, maana kuvuta hurefusha ukingo. Piga pasi kwa kuibonyeza bila kuiburuza. Laza kipande kwenye gazeti, uchore pembeni yake, na patani yako, yaani kiolezo cha kukatia, umeipata.

Wengi huharibu hapa. Nguo iliyovaliwa imevutika kwenye kiwiko, magotini na makalio, kwa hiyo kipande cha kulia hakilingani na cha kushoto. Pima vyote viwili. Vikitofautiana kidogo, chukua katikati. Vikitofautiana sana, fuata kile kilichochakaa kidogo. Vipande vilivyokatwa mshazari ndivyo vinavyodanganya zaidi kwa sababu hulegea vyenyewe vikining'inia. Pia tazama kama alama uliyoichora ni ya mshono wenyewe au ya ukingo wa kitambaa. Ukichora juu ya mstari wa mshono, ongeza sentimita moja na nusu kuzunguka. Ukichora ukingo na bado ukaongeza, koti litakupwaya. Koti moja lililofumuliwa kwa utulivu lina mambo ambayo picha mia za mtandaoni hazikuonyeshi, kwa kuwa mawazo mengi ya fundi aliyelishona yamefichwa ndani.

Baada ya hapo ni vipande. Kila fundi wa vitenge ana mfuko wa mabaki chini ya meza. Kata mraba wa sentimita 20 kwa 20, ujaribu jambo moja tu: kola ile ile kwa gundi ngumu na kwa gundi laini (kitambaa cha kuimarishia kinachogandishwa kwa pasi), au ukingo uleule kwa mipindo miwili tofauti. Ukibadilisha mambo matatu kwa pamoja na kikatokea kizuri, hutajua kipi kimekileta, na kikiwa kibaya hutajua cha kurekebisha. Kibane daftarini, uandike sindano namba ngapi (14 kwa kitenge cha kawaida, 11 kwa kitambaa chepesi, 16 kwa jinzi), urefu wa mshono, na kama kitambaa kilifuliwa kwanza. Kitenge kipya kina wanga na kinaweza kusinyaa, kwa hiyo marinda yaliyosimama vizuri kabla ya kufuliwa huenda yakalala baadaye.

Hesabu nayo huzaa mawazo, ingawa wengi huiona adui yake. Marinda ya kukunja yanayogusana yanakula kitambaa mara tatu. Kiuno cha sentimita 72 kinataka 216. Kitenge chenye upana wa sentimita 115 ukikiunganisha mara mbili kinakupa 230, na ukitoa mishono kinatosha. Kiuno cha 80 kinataka 240, hakitoshi. Hapo fundi aliyezoea atasema haiwezekani. Mwingine ataacha nafasi tupu mbele, labda sentimita 12, na kuyapanga marinda pembeni na nyuma, na mteja atatoka na sketi inayompendeza kuliko ile aliyoiomba. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 alitumia vipande vya hadibodi na rangi za makopo, na mtindo mzima uliokuja kuitwa kwa jina lake ulikulia ndani ya vifaa hivyo vya bei ndogo.

Kuna suala la mteja anayekuja na picha: "Fundi, nataka hivi hivi." Usimbishie. Muulize, "Dada, hapa umependa nini zaidi, shingo, mikono au jinsi lilivyokaa kiunoni?" Mara nyingi atataja kimoja. Hicho mpe kama kilivyo, na sehemu iliyobaki ndiyo nafasi yako. Mweleze pia kwamba gauni la kwenye picha linaweza kuwa limebanwa kwa klipu mgongoni, au ni la kitambaa kinachovutika, wakati kitenge hakivutiki. Usipoongeza angalau sentimita 5 kifuani atashindwa kukaa kwenye gari, na mshono wa nyuma utapasuka kabla hajafika kanisani. Fundi anayekubali kunakili kila kitu huchoka haraka, kwa sababu hakuna kilicho chake katika kazi ya kutwa nzima.

Mtu akisema mawazo yamemkauka, mimi hutazama kwanza usingizi wake na madeni yake ya kazi. Nguo sita za watu zilizopitisha tarehe zikiwa zimening'inia ukutani, na simu inaita kila saa, hakuna kitakachoota hapo. Dawa ni kumaliza mbili za zamani kabla ya kupokea mpya, na kuandika tarehe za kweli kwenye risiti. Kisha uwe na saa ya kwanza ya asubuhi, kabla wateja hawajaanza kupita, data ikiwa imezimwa, kwa ajili ya vipande na daftari peke yake. Wiki ya sherehe za kipaimara au ya harusi mfululizo iache, usijaribu lolote geni kwenye nguo ya mtu. Majaribio ni ya sasa, Februari hadi masika yakolee, na ikifika Oktoba, mijakaranda ikianza kuchanua, uwe umeshakamilisha patani kama nne zilizoshonwa mpaka mwisho, zikavaliwa na mtu, na zikafuliwa.

Kipande kilichoharibika usikitupe. Kibane daftarini pamoja na vingine, uandike sababu pembeni: mshazari umelegea, gundi imefanya malengelenge kwa sababu pasi haikuwa na moto wa kutosha, ua kubwa limeangukia kwapani kwa kuwa hatukununua mita moja ya ziada.