Ubini wa Saida

Shangazi yake Baba Saida mnamjua. Yule yule. Jumapili tulikuwa kaburini kwao akina Oshiro, hapa Okinawa, Japani, kwa shiimii, ile siku ya Aprili ukoo mzima unapokula na wafu wake mbele ya kaburi lenye paa la mgongo wa kobe. Mimi nimetengewa tofu na samaki mbali na nguruwe, Saida anachochea noti za wafu zinazoungua kwenye karai, mara shangazi akamtazama, akasema: "Huyu jina la Oshiro kaazima tu. Akiolewa atalirudisha."

Nikasema, "Nikuongeze chai, shangazi?"

Tangu hapo namjibu nikiosha vyombo. Saida kaanza darasa la kwanza, mkataba wangu wa kazi umeongezwa, lakini mimi bado niko pale na birika mkononi. Alichokusudia nakijua: totome, zile mbao za mababu, hurithiwa na mwana wa kiume, nasi hatuna. Ila kuazima! Tena mtoto anasikia! Kwetu Tanga mwanamke haachi ubini wa babake kwa sababu ya ndoa. Mimi ni binti Salim mpaka leo, hata kwenye makaratasi ya hapa Naha.

Jana nikamsimulia baba mkwe. Akacheka mpaka akakohoa. "Dada yangu huyo! Jina lenyewe limegeuzwageuzwa." Babu yao aliitwa Ufugushiku, kwa herufi zile zile mbili za Oshiro, maana yake ngome kubwa. Mwaka 1624 watawala wa Satsuma, jimbo la Japani lililokuwa limeutiisha ufalme wa hapa wa Ryukyu, waliwakataza Waokinawa majina yanayofanana na ya Kijapani. Ufalme ulipomezwa na Japani mwaka 1879, upepo ukageuka; kufikia miaka ya 1930 familia nyingi zilikuwa zinayasoma majina yao Kijapani ili wasidharauliwe huko Japani bara. Wasifanane, haya, sasa wafanane. Jamani.

Kisha akaongeza ambalo shangazi hakuligusa. Vita vya 1945 viliteketeza daftari za familia, na babu alikuwa kafia humo humo. Aliyekwenda kuwaandikisha Oshiro upya, mmoja mmoja kwa kichwa, ni bibi yao. Naye kazaliwa ukoo wa Higa, Oshiro kaolewa tu.

Nilimwomba arudie, Saida asikie.

Mvua za Mei hazijafika na kabatini ukungu umeshaanza. Mkeka alionisukia Mama una madoa meusi upande mzima. Kuna anayejua dawa isiyoharibu ukili? Siki nimejaribu, rangi inachujuka.