Dar mpaka Iringa, siti ndo ilinifundisha adabu

Mi nina kilo 104 na urefu mita 1.86, kwa hiyo kabla ya safari ya pikipiki nikapita Kariakoo nikachukua siti ya kubadilishia, nene, laini kama sofa, ukiibonyeza kidole gumba kinazama chote. Nikajua nimemaliza.

Kufika Chalinze, kama kilometa 100 na kitu tu, nikala mishkaki nimesimama. Kukaa siwezi. Lile sponji lilishalala chini zamani, kumbe nakalia plastiki, halafu siti yenyewe imeinamia mbele, kila ukishika breki unateleza na tanki linakusalimia pabaya.

Morogoro nikaulizia fundi siti, nikaelekezwa kwa mzee mmoja jirani na Msamvu. Nikamwamkia, akaitikia, hata pikipiki hajaiangalia akauliza, "Una kilo ngapi kijana?" Nikamtajia. Akacheka. "Laini ni ya mtu mwepesi, wewe utaishindilia nusu saa tu."

Akachukua kipande cha boksi akakiweka kwenye ngazi ya simenti, akaniambia kaa, nyanyua miguu kidogo. Niliponyanyuka kuna mashimo mawili, mifupa ya kukalia hiyo, akapima katikati ya shimo hadi katikati ya shimo, sentimita 13. Akasema upana wa nyuma lazima uzidi hapo pande zote, la sivyo unakaa kwenye ukingo. Kisha kisu cha mkate kikafanya kazi: sponji la zamani nje, ndani likaingia godoro la hai densiti, yaani sponji zito lililoshikana, gumu mpaka nikaogopa, akanyanyua sentimita 4 maana magoti yangu yalikuwa yamekunjwa kama ya panzi, mbele akapachonga pawe pembamba mapaja yasitanuke, na ule mteremko akausawazisha. Hajagonga kava mpaka nimelikalia sponji tupu robo saa, kila nikihama anachora kwa chaki. Elfu 35, nikalipa bila kuomba punguzo.

Mikumi barabara inakatiza hifadhi kama kilometa 50, na pale huwezi kusema nashuka ninyooshe mgongo, tembo hana habari na kiuno chako. Nikapita polepole naangalia twiga, Ruaha Mbuyuni nikasimama kwa ajili ya vitunguu tu, Kitonga nikapanda nyuma ya malori yanayokoroma gia ya kwanza, moshi mtupu, lakini huku chini kimya. Ilula nikakaa kwenye benchi la mbao nikala, nikakaa kabisa.

Iringa shemeji yangu, mfupi huyo, kaona siti mpya akang'ang'ania ajaribu. Kapanda, vidole vya miguu ndo vinagusa chini kwa mbali, pikipiki ikaanza kulala upande wa kushoto, tukaidaka watu watatu.

"Shemeji, hii siti au ghorofa?"

Nikamwambia aende na boksi lake Msamvu.