Kuchaji betri kwenye baridi ya Molo na Timboroa

Gari lililozoea Kisumu, kando ya Ziwa Viktoria, likilala Molo kwenye nyanda za juu za Kenya usiku mmoja wa Julai, asubuhi stata hutoa mlio wa tak-tak na injini haigeuki. Lawama huangukia baridi, ingawa kosa kubwa si lake. Joto la huko ziwani ndilo linaloila betri: joto la betri likipanda kwa nyuzi 8 hadi 10 na kubaki hapo, umri wake hupungua kama nusu. Kisumu hulioni tatizo kwa sababu injini yenye joto huhitaji nguvu kidogo kuwaka. Ukipanda kutoka mita 1,100 hivi hadi zaidi ya mita 2,700 pale Timboroa, mambo mawili yanakupata pamoja: oili imekuwa nzito, na kemia ndani ya betri imepoa. Karibu na nyuzi sifuri, betri nzima hutoa kama theluthi mbili tu ya nguvu inayotoa ikiwa nyuzi 27. Iliyochoka haina cha kupunguza.

Kabla ya kutafuta chaja, pima. Multimita ya bei nafuu kutoka duka la vifaa vya stima inatosha. Gari liwe limezimwa saa kadhaa. Kama limetoka safarini sasa hivi, washa taa kubwa dakika mbili, zima, subiri kidogo, ndipo upime. Volti 12.6 au 12.7 ni betri iliyojaa. 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 ni nusu, na 12.0 ni robo au pungufu. Ukiona 10.5 na haipandi hata ikichajiwa, seli moja kati ya sita imekufa, kwa maana kila seli ni volti 2.1 na umebaki na tano. Hiyo usipoteze stima juu yake.

Kujampu, yaani kuwasha gari kwa waya kutoka betri ya gari lingine, si kuchaji. Kunakutoa barabarani tu, na ni hapo watu huumia. Magari yasigusane. Waya mwekundu ushike kwanza chanya ya betri isiyo na moto, kisha chanya ya betri nzima. Waya mweusi ushike hasi ya betri nzima, na ncha yake ya mwisho iende kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lililozima, mbali na betri. Sababu ni kwamba muunganisho wa mwisho ndio hutoa cheche, na juu ya betri huenda kuna gesi ya haidrojeni, ambayo hulipuka ikifika asilimia 4 tu ya hewa. Acha gari lenye betri nzima lingurume dakika tano hadi kumi, kwenye baridi hata zaidi, ndipo ujaribu. Usishike stata zaidi ya sekunde kumi kwa mkupuo. Ipumzishe nusu dakika. Kutoa waya ni kinyume cha mpangilio huo. Toyota Aqua huficha betri yake ya volti 12 chini ya kiti cha nyuma, lakini ina ncha ya kujampu ndani ya boksi la fyuzi chini ya boneti. Tumia hiyo, na usiifanye gari la haibridi kuwa mfadhili wa Prado.

Injini ikishawaka, wengi huzunguka mjini robo saa na kuona kazi imekwisha. Haijaisha. Altaneta, jenereta ndogo ya gari inayochaji betri, hutoa kidogo injini ikinguruma bila kukanyagwa mafuta, na kwenye baridi ya asubuhi kidogo hicho hugawanywa kwa taa, waipa na feni ya kioo. Betri iliyoshuka nusu inahitaji saa nyingi za barabara kuu, na hata hivyo ile sehemu ya mwisho ya chaji huingia polepole mno. Betri ikiachwa chini ya volti 12.4 siku nyingi, salfeti hujenga fuwele ngumu juu ya mabamba ya risasi, na fuwele hizo ndizo zinazofanya betri ya mwaka mmoja ionekane ya miaka minne.

Dawa ni chaja ya polepole. Kanuni ni asilimia 10 ya uwezo wa betri, unaopimwa kwa ampea-saa (Ah) na kuandikwa kwenye lebo pamoja na saizi yake. NS40 ya Vitz au Probox ina kama Ah 35, basi ampea 3.5. NS60 ya Ah 45 hivi, ampea 4.5. N70 kwenye pikapu, ampea 6 au 7. Hesabu ya muda: NS60 iliyopima 12.2 imepungukiwa na Ah 22.5. Ongeza asilimia 20 ya upotevu, unapata kama 27. Gawanya kwa 4.5, ni saa sita. Kwenye baridi panga saa nane hadi kumi, kwa sababu mkondo hushuka wenyewe kuelekea mwisho. Ile chaji ya haraka ya saa moja barabarani, ampea 20 au 30 kwenye betri ndogo, huchemsha asidi na kubomoa mabamba. Siipendekezi hata kwa mwenye haraka.

Hapa ndipo baridi inapodanganya chaja. Betri baridi hudai volti kubwa zaidi ili ijae, takriban volti 0.024 kwa kila nyuzi moja chini ya 25. Banda la Molo likiwa nyuzi 8, tofauti ni nyuzi 17, yaani kama volti 0.4. Chaja iliyopangwa kwa 14.4 inapaswa kufika 14.8, na kama haina kihisi cha joto itawasha taa ya kijani mapema huku betri bado ina njaa. Suluhisho langu ni kuipasha betri badala ya kupandisha volti: ifungue kutoka garini, iache saa tano au sita mahali penye joto la kawaida, kisha uichaji. Kupandisha volti betri ikiwa bado imeungwa kwenye gari kunaweza kuharibu vifaa vya umeme, na betri za AGM, ambazo asidi yake imenyonywa na mikeka ya nyuzi za kioo, hazitaki kuzidi 14.8. Mazda nyingi zenye mfumo wa kuzima injini kwenye foleni hutumia EFB, betri ya asidi iliyoimarishwa, ya aina ya Q-85. Isome lebo kabla ya kuchagua alama kwenye chaja.

Kuipasha si kuiweka karibu na jiko. Hili nalisisitiza kwa sababu nyumba nyingi za huko huingiza jiko la makaa ndani jioni, na betri inayochajiwa hutoa haidrojeni. Jiko na betri visiwe chumba kimoja, wala betri isichajiwe chumba cha kulala. Barazani penye paa, au gereji iliyofunguliwa mlango, juu ya ubao, mbali na mvua na watoto. Ekstensheni isipite kwenye nyasi zenye umande.

Ukiifungua, toa hasi kwanza kwa spana namba 10, kisha chanya. Kurudisha, chanya kwanza. Unga vibanio vya chaja ndipo uwashe soketi. Ukimaliza, zima soketi ndipo utoe vibanio. Vaa miwani. Asidi ikiingia jichoni, osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa muda usiopungua dakika 15, kisha hospitali. Unga mweupe kwenye vichwa vya betri huoshwa kwa magadi yaliyoyeyushwa, vifuniko vikiwa vimekazwa, maana tone likiingia ndani linaharibu asidi.

Betri yenye vifuniko ikipungua, ongeza maji ya betri tu. Kuongeza asidi ni kosa la kila siku: kinachokauka ni maji, asidi hubaki. Kama mabamba yako wazi, yafunike kidogo kabla ya kuchaji, na ujazie hadi alama baada ya chaji, kwani kiwango hupanda betri inapojaa. Chaja ikiendelea, gusa ubavu. Kwenye baridi betri inapaswa kuwa vuguvugu tu. Ikiunguza mkono au ikivimba, zima.

Iache ipumzike usiku mzima, kisha pima. Ikishika 12.6, irudishe garini na uangalie multimita wakati mwenzako anapiga stata: isishuke chini ya 9.6, au 9.4 hivi asubuhi ya nyuzi 10. Ikijaa vizuri halafu baada ya siku chache imeshuka tena, tafuta mnyonyaji, yaani kifaa kinachokula chaji gari likiwa limezimwa, kabla ya kununua nyingine. Gari lililofungwa lisile zaidi ya miliampea 50. Hata hizo ni Ah 1.2 kwa siku, Ah 12 kwa siku kumi, na kifaa cha kufuatilia gari kilichofungwa vibaya hula zaidi. Ila ikianguka hadi 8 wakati wa kupiga stata ilhali ilikuwa imejaa, ibadilishe. Ya zamani ipeleke dukani unaponunua mpya, wengi hupunguza bei kwa ajili ya risasi iliyomo. Isiachwe ikivuja nyuma ya nyumba.