Ni nani alishona hii?

Jana jioni nilikuwa nimewasha zile dirisha za kuyumba kwa laptopu. Nimeweka Plasma 6, ile sura ya skrini ya Linux, juzi na bado napitia setingi moja moja, nikaona zile dirisha bado ziko, nikaweka tiki. Binti yangu akapita na kikombe cha uji, akasimama nyuma yangu, akaangalia nikivuta dirisha ya faili kutoka kona moja hadi nyingine, ile inabaki nyuma kidogo halafu inakuja kwa mawimbi. Akaniuliza, "Baba, mbona inacheza kama nguo kwa kamba?"

Nilishindwa kumjibu hapo hapo. Hilo neno nilishawahi kuambiwa, 2008, kule Umoja, Nairobi, na aliyeniambia alijua hata ni nguo ya aina gani.

Kompyuta yangu wakati huo nilikuwa nimeitoa Luthuli, ile barabara ya maduka ya elektroniki mjini. Pentium 4 ya mitumba, RAM 512, monita ya kichogo, na kadi ya picha ya NVIDIA ambayo niliuza simu ndio niipate. Ilikaa sebuleni, mwisho wa meza ya kulia, hatua mbili kutoka kwa cherehani ya Mama, na tulikuwa na mkataba: mimi nisiweke waya yoyote karibu na miguu yake anapokanyaga, yeye asilete ile sumaku yake ya pini karibu na monita, maana siku moja aliiweka juu pale na kona nzima ya skrini ikageuka zambarau.

Sidii ya Ubuntu 8.04, aina ya Linux, ule mfumo wa kompyuta usiolipiwa, ilikuja kwa posta, bure kabisa. Canonical, kampuni ya Ubuntu, walikuwa wanatuma wakati huo, hata stempu hulipi, unajaza fomu unangoja wiki kadhaa. Kuweka yenyewe ilikuwa nusu saa na kitu. Kazi ilikuwa madoido. Nilikuwa nimeona kwa video pale saiba skrini ikizunguka kama sanduku, dirisha zikiyumba, moto ukichorwa kwa mausi, na nikajiambia kama hiyo kitu ni ya bure na kompyuta ninayo basi lazima nitaiona kwa macho yangu nyumbani kwetu. Mengine nitayapitia haraka, kwa sababu yeyote aliyeweka Linux miaka hiyo anayajua. Intaneti nyumbani hakuna, kebo ya chini ya bahari ilifika Mombasa 2009, kwa hivyo kila kitu ni saiba, shilingi moja kwa dakika, unashusha draiva na ile programu ya kurekebisha Compiz, ambayo ndiyo inachora hayo madoido, unaweka kwa fleshi, unafika nyumbani unaambiwa paketi hii inataka nyingine, unarudi, hiyo nayo inataka mbili. Siku tatu. Halafu skrini nyeusi, kishale tu kinapepesa. Halafu nikaipata, lakini dirisha zote zikaja bila kichwa, ule mstari wa juu wa kushika na kufunga haupo, na dawa yake ilikuwa laini moja ya kuongeza kwa xorg.conf, faili ya setingi za skrini, AddARGBGLXVisuals, niliiandika nyuma ya daftari ya hesabu herufi kwa herufi na kalamu nyekundu. Hadi leo naweza kuiandika nikiwa nimefunga macho.

Ilikuwa saa mbili usiku ilipokubali. Nilishika kichwa cha dirisha, nikavuta, na ikaja kwa mawimbi.

Sikupiga kelele. Nilivuta tu, kushoto, kulia, juu, niachilie, nishike tena. Nyuma ya dirisha kuna yule korongo wa 8.04 aliyechorwa kwa rangi ya chungwa, na ninakumbuka shingo yake ikijificha na kutokea kila nikivuta. Na ninakumbuka cherehani ilinyamaza. Mama hakuwa mtu wa kusimamisha mshono katikati, na mwaka ule ndio kabisa, kazi zilikuwa zimepungua tangu zile vurugu za uchaguzi za Januari, watu walikuwa wanarekebisha nguo kuliko kushona mpya, kwa hivyo kila kilichoingia alikimaliza usiku huo huo. Nikageuka. Alikuwa anaangalia skrini, tepi shingoni, pini tatu mdomoni. Akazitoa moja moja akazichoma kwa mkono wa sweta.

"Baba," akasema. Ananiita baba kwa sababu nimeitwa jina la babake, na hajawahi kuniita vingine hata akinigombeza. "Baba, hiyo ni satini."

"Ni dirisha ya faili, Mama."

"Naona ni dirisha. Nakwambia inaanguka kama satini. Rudia."

Nikarudia. Akasogeza kiti. Mama alikuwa hajawahi kugusa ile kompyuta isipokuwa kuipangusa vumbi, alikuwa anasema hiyo ni shule na shule yake iliisha. Akaweka mkono wake karibu na wangu, nikatoa wangu.

Hapa ndipo huwa narudi kila mara. Alishika mausi kwa mikono miwili. Wa kulia ameulaza juu yake wote, na wa kushoto ameuweka mbele, umefunguka, unaongoza, vile vile anavyoingiza kitambaa chini ya sindano. Nikataka kumwambia mkono mmoja unatosha halafu nikaacha. Nilimwonyesha kidole cha kubonyeza. Akabonyeza akakaa nacho, akavuta polepole sana, polepole mpaka dirisha haikuyumba hata kidogo, ikasonga tu kama ubao, na mimi roho ikashuka nikidhani imeharibika. Halafu akaisukuma mara moja, kwa nguvu kidogo, na ile dirisha ikajaa tumbo katikati, pembe za chini zikabaki nyuma, zikafika zimechelewa, zikapitiliza, zikarudi. Mama akatoa sauti ile anayotoa akishika kitambaa kizuri dukani Biashara Street na hataki mwenye duka ajue amekipenda.

"Angalia pale nimeshika," akasema. "Hapo hapatingiki. Hiyo ni pini. Nguo yote inahesabu kutoka kwa pini."

Miaka baadaye nilikuja kusoma jinsi inavyofanya kazi na nikaweka kitabu chini nikacheka peke yangu kwa furaha, kwa sababu ndivyo ilivyo. Compiz inachukua picha ya dirisha inaitandaza juu ya vipointi 16, nne kwa nne, vyote vimeungwa kwa springi. Ukishika dirisha, kipointi kilicho karibu na kidole chako kinagandishwa, vile vingine vinavutwa na springi zao mpaka vitulie. Pini. Aliiona kwa sekunde kumi, bila kitabu.

Lakini haikumridhisha. "Shida yake haina uzito," akasema. "Hii ukimshonea mtu sketi itamwaibisha kwa upepo. Huwezi kuipunguza?"

Nikafungua ile programu ya setingi, ile nilisafiri siku tatu kwa sababu yake. Kwa dirisha za kuyumba kuna namba mbili ambazo ndizo zenye maana, friksheni na springi. Zinakuja friksheni 3, springi 8. Sikujua zinafanya nini hasa, nilikuwa nimepanga kuziacha. Mama akaniambia shusha hiyo ya kwanza tuone, nikashusha mpaka 1, akavuta, dirisha ikatetemeka ikakataa kunyamaza. "Jojeti," akasema, "na jojeti ya bei rahisi. Panda." Tukapanda. Nikashusha springi, ikawa nzito inakuja kwa uvivu kama blanketi iliyolowa maji, akatikisa kichwa. Nikapandisha zote mbili karibu mwisho, ikakauka. "Hiyo sasa ni drili. Suruali ya mvulana wa darasa la nne, unaivua inabaki imesimama." Tukaendelea hivyo, mimi nasogeza namba yeye anavuta, anataja kitambaa, tunasogeza tena, krepu, popilini, hata pazia ya kanisa fulani aliyoshona akakumbuka jinsi ilivyomtesa. Sijui ilichukua muda gani. Chai ilipoa.

Mwishowe akasema, "Acha hapo. Usiguse."

Akavuta mara moja akaachilia. Dirisha ikaanguka, ikarudi mara moja, ikakoma.

"Kitenge," akasema. "Kipya, kabla hakijafuliwa. Kinaanguka mara moja, kinarudi mara moja, basi." Akairudia mara kadhaa bila kusema kitu. Halafu akaniuliza, "Ni nani alishona hii?"

Nikamwambia ni watu wa Compiz.

"Watu gani? Nguo haishonwi na watu, ina mkono wa mtu. Mtu alikaa akaangalia nguo ikianguka, ndio akaweza kufanya hivi. Anaitwa nani?"

Sikujua. Nilikuwa nimemaliza siku tatu nikitafuta hiyo kitu na sijawahi kujiuliza kama kuna mtu. Jibu nilikuja kulipata baadaye sana, nikifungua faili yenyewe ya kodi, wobbly.c. Juu kabisa kuna jina la kampuni ya Novell na mwandishi David Reveman, aliyeleta Compiz 2006, na chini yake laini moja inayosema springi zile ziliandikwa na Kristian Hogsberg. Laini moja tu. Nilimpigia Mama siku hiyo hiyo nikamtajia, akajaribu kulitamka, akasema huyo mamake lazima alikuwa na cherehani.

Turudi usiku ule. Alikuwa bado ameshika mausi aliponiuliza, kwa sauti ya chini kidogo, kama hiyo mashine inaweza kuweka daftari yake. Ile daftari ya vipimo vya wateja, ile imefungwa na mpira, kifua kiuno urefu wa mkono, wateja wa tangu nikiwa darasa la tatu. Akasema kurasa za mwanzo zimeanza kufifia na kuna mama mmoja alikuja asubuhi hiyo na hakuweza kumsoma vizuri, ikabidi ampime upya, na yule mama akahisi vibaya kwa sababu amenenepa. Nikamwambia inaweza, tena ni rahisi sana, programu ya ofisi iko ndani tayari, nitakutengenezea majedwali, kila mteja na mstari wake. Akauliza, "Na mimi nitaweza kuandika?" Nikamwambia kesho nitakuonyesha.

Stima ikapotea. Mtaa mzima, ule mlio wa watoto wakisema "aaah" kutoka ploti hadi ploti. Skrini ikaingia ndani ikawa doa, doa likazimika. Na Mama hakuondoka. Nilikuwa naitafuta taa ya mafuta kwa kupapasa na nikamsikia bado amekaa pale, mausi inasugua meza, sss, halafu kimya, halafu sss. Nilipowasha taa alikuwa ameangalia kioo cheusi na mikono yake yote miwili iko pale pale. Akainuka, akachukua pini zake kwenye sweta, akarudi kwa cherehani. Yake ni ya miguu, haijawahi kungoja stima.

Kesho yake nilikuwa na sanduku la kuzungusha.

Hiyo ndiyo sehemu sijui nifanye nayo nini. Nilizungusha skrini, nikaweka picha juu na chini ya lile sanduku, nikaweka mvua, nikaweka moto, vijana wa ploti wakajaa sebuleni, Mama akawapikia chai akashonea jikoni wiki nzima kwa sababu hakuna nafasi. Hakuniuliza tena kuhusu daftari. Mmoja wa wale vijana alimwambia mwenye saiba, mwenye saiba akaniita, nikapata kazi, na kazi hiyo ndiyo iliyonileta hadi hapa nilipo, hilo silifichi. 2009 nikahama na kompyuta nikaenda nayo. Diski ilikufa mwaka uliofuata na zile namba za kitenge zikaenda nayo, sikuwa nimeziandika mahali, mimi niliyeandika AddARGBGLXVisuals na kalamu nyekundu.

Daftari bado anayo. Sasa ziko tatu.

Basi jana, baada ya lile swali, nikampigia simu nikaweka spika. Nikamuuliza kama anakumbuka ile usiku ya dirisha, akaniambia, "Ile ya kitenge? Bado unayo?" Nikamwambia iko lakini imerudi kuwa satini, na namba nimezisahau, tulifika ngapi?

"Baba, namba ulikuwa unasoma wewe," akasema. "Mimi nilikuwa nasikia kwa mkono."

Binti yangu tayari amenisukuma kutoka kwa kiti. Setingi za siku hizi hazifanani na zile, kuna ugumu, kuna mvuto, kuna kipimo cha mwendo, hakuna friksheni wala springi za kufuata hata ningekumbuka. Ameshika mausi kwa mkono mmoja. Akainama karibu na simu akauliza, "Shosho, nitajua aje nimefika?"

"Vuta, uachilie, uhesabu inarudi mara ngapi."

Akavuta, akaachilia. "Moja," akasema. "Mbili. Tatu. Nne, shosho, bado inaenda."

"Panda kidogo."