Do ni G

Deki ya DVD ya wazazi wangu iligoma mwanzoni mwa mwaka 2022. Lilikuwa jambo dogo kwa nyumba nyingine, lakini si kwa sebule ile ya Tukuyu, kwa sababu kando ya deki kulikuwa na rundo la diski za kwaya: ibada za Pasaka, mashindano ya majimbo, harusi za waimbaji, mazishi ya waimbaji. Baba alikuwa mwalimu wa kwaya hiyo ya Kimoravian tangu mimi sijaanza shule. Alistaafu kufundisha darasani, kwaya akabaki nayo. Jioni, baada ya taarifa ya habari, alikuwa na desturi ya kuweka diski moja na kuitazama akiwa na kalamu mkononi, akiandika makosa ya waimbaji ambao wengine walishahama na wengine walishafariki.

Mdogo wangu alishauri tununue deki nyingine, yaishe. Mimi nilikataa. Hofu yangu haikuwa deki, ilikuwa diski zenyewe. DVD ya kuchomwa nyumbani huhifadhi picha katika tabaka la rangi maalumu, na rangi hiyo huchakaa kwa miaka, hasa palipo na unyevu. Tukuyu iko chini ya Mlima Rungwe, katika upande wa nchi unaopata mvua nyingi kuliko karibu kwingine kote Tanzania. Kanda zetu za VHS za miaka ya tisini zilishaota ukungu mweupe hadi zikawa hazichezeki. Sikutaka diski nazo ziende njia hiyo huku tukizitazama. Nilitaka nyimbo zitoke kwenye diski, zihamie mahali ambapo zingeweza kunakiliwa tena na tena, na bado Baba aweze kuzifungua kwa rimoti akiwa amekaa kwenye kochi lake.

Kwa hiyo nikaanza kutafuta kompyuta ndogo ya kukaa chini ya televisheni. Mbeya, maeneo ya Mwanjelwa, wapo wauzaji wa kompyuta zilizotumika kutoka Ulaya, na katikati ya mafurushi ya mashine za ofisini huwa kuna zile ndogo kabisa ambazo makampuni huzifunga nyuma ya skrini. Nilichukua HP EliteDesk 800 G3 Mini kwa bei iliyo chini kidogo ya laki tano. Upana wake ni kama sentimita 17 na nusu kila upande, unene hauzidi sana sentimita 3. Niliichagua kwa sababu mbili. Prosesa yake ya Intel ni ya kizazi cha saba, aina ya watti 35, yaani haili umeme mwingi wala haipati joto la kulazimisha feni kuvuma. Pia kizazi hicho hufungua video za HEVC, yaani zilizobanwa kwa mtindo mpya ili zichukue nafasi ndogo, hata zile za biti 10, kwa sehemu yake maalumu ndani ya chipu badala ya kuchosha prosesa nzima. Kwa nyimbo za zamani hilo halikuhitajika, ila nilijua wajukuu wangeleta filamu zao.

Mashine ile haikuwa na tundu la HDMI. Ilikuwa na DisplayPort, tundu la aina nyingine la kutoa picha, nikanunua adapta. Na kompyuta nyingi za namna hii hazielewi amri za rimoti ya televisheni hata zikiunganishwa kwa HDMI, ndiyo maana nikaongeza kipokezi kidogo cha USB chenye rimoti yake, yenye vitufe vichache: mishale minne, sawa, rudi, sauti. Hivyo tu. Mtu wa miaka zaidi ya sabini asikutane na kibodi sebuleni kwake.

Kazi ya kunakili diski niliifanyia Mbeya, usiku baada ya kazi ya mchana. Diski nzima ya kawaida ina nafasi ya GB 4.7, na zilizo nzima zilitoka bila shida. Zilizokwaruzika nilizipitishia ddrescue, programu ya bure ambayo huchukua kwanza sehemu zinazosomeka kwa urahisi, kisha hurudi kwenye sehemu mbaya na kuzijaribu tena na tena, ikiandika kumbukumbu ya kila ilikofika. Ukiizima leo, kesho inaendelea pale pale. Kuna diski moja ya ibada ya Pasaka iliyonilaza macho. Nilipoona mstari wa mwisho umesomeka, nilimpigia Baba simu bila kuangalia saa.

Alhamisi ya kabla ya Ijumaa Kuu nilipanda kosta, nikapita Uyole, Isongole, Kiwira, mashine ikiwa mapajani ndani ya begi. Mvua ilitupokea kabla hatujafika. Mdogo wangu alikuwa ameshatangulia nyumbani.

Kazi ya kuifunga haikuwa ndefu. Nilifuta Windows, nikaweka LibreELEC kutoka kwenye flashi. Huo ni mfumo mdogo wa Linux ambao hauna kazi nyingine ila kuwasha Kodi, programu ya kuchezea video na muziki. Unawasha mashine, na baada ya muda mfupi uko ndani ya Kodi moja kwa moja, bila meza ya kompyuta, bila nywila. Kodi yenyewe ilianza mwaka 2002 kama kicheza video cha Xbox, mashine ya michezo ya video, kisha mwaka 2014 ndipo ikapewa jina la sasa, na asili hiyo inaonekana: maandishi makubwa, kila kitu kinafikiwa kwa mishale, kwa sababu ilitengenezwa kwa mtu aliye upande wa pili wa chumba. Nikaingia kwenye BIOS, mipangilio ya msingi ya mashine, kwa F10 na kuiamuru mashine ijiwashe yenyewe umeme ukirudi. Kwa nyumba ya Tukuyu wakati wa masika, naona mpangilio huo mmoja una thamani kuliko prosesa. Baba asingelazimika kuinama chini ya televisheni kutafuta kitufe gizani.

Kodi hutafuta mabango ya filamu mtandaoni, lakini hakuna mtandao unaojua kwaya yetu. Kila folda niliipa picha yake: Baba akiwa amesimama mbele, mwaka umeandikwa kwa tarakimu kubwa. Macho yake hayapendi tena maandishi madogo, na kwa picha anachagua haraka kuliko mimi.

Mdogo wangu alishika rimoti na kuingia kwenye mipangilio ya picha. Yeye ni mtu wa filamu, na alilijua jambo moja la kweli: filamu za sinema hupigwa kwa picha 24 kwa sekunde. Akaiweka televisheni kwenye hezi 24, yaani ionyeshe picha mara 24 kwa sekunde, akawasha kipengele cha kulinganisha uchezaji na skrini, akaweka filamu yake. Ilitiririka vizuri sana. Tukaridhika, tukamwita Baba.

Baba akachagua Pasaka ile ile iliyonikesha. Sauti zilipoanza, alisikiliza beti moja, akainua mkono.

“Simamisha.”

Nikasimamisha.

“Huu wimbo do ni G. Niliuanzisha mimi. Hapa mmeushusha.” Yaani do, noti ya msingi ambayo wimbo umejengwa juu yake, ilikuwa G ya kinanda, na sasa ilisikika chini yake.

Mdogo wangu akasema kwa upole, “Baba, hii ni nakala tu. Kompyuta haishushi wimbo.”

Baba hakubishana. Alikwenda chumbani akarudi na kinanda chake, kile kile kilichosindikiza kwaya siku ya kurekodi. Akakiweka magotini, akabonyeza G. Nikacheza wimbo. Havikupatana. Akabonyeza kitufe cheusi kinachofuata chini yake. Navyo havikupatana, ingawa vilikaribiana zaidi. Wimbo ulikuwa umekaa katikati, umeegemea upande wa kitufe cheusi.

“Hapo,” alisema. “Hapo hakuna kinanda cha kupiga. Kwa hiyo hatukuimba hapo.”

Nilikaa na hesabu yake kichwani. Kinanda cha umeme hakilegei kwa unyevu. Kama kilitoa G siku ile, kinatoa G ile ile leo. Basi kilichobadilika ni mwendo. Kamera zinazouzwa kwetu, na mafundi wa video wa harusi na kwaya, wanafuata mfumo wa PAL: picha 25 kwa sekunde, kwa sababu televisheni za nchi hizi zilifuata umeme wa hezi 50, wakati Marekani ni 60. Skrini yetu ilikuwa kwenye 24. Kipengele cha kulinganisha kilikuwa kimefanya kazi yake kwa uaminifu: kimepunguza mwendo wa picha 25 ili ziingie kwenye 24, na sauti ikaburutwa pamoja nazo. Ni asilimia 4. Kwa mtazamaji wa filamu, asilimia 4 haionekani. Kwa muziki ni kushuka kwa zaidi kidogo ya theluthi mbili za hatua kati ya G na kitufe cheusi cha chini yake. Hapo hasa ndipo Baba alipokuwa ameweka kidole.

Nilimweleza. Akanitazama kwa furaha ambayo sikuitegemea, akauliza, “Kwa hiyo na mwendo umepungua?” Nikasema ndiyo. “Nilijua. Nilidhani ni mimi niliyewachelewesha siku ile.”

Tukaanza kutengeneza upya, sasa watatu. Nilizima kile kipengele cha kulinganisha. Nikajaribu hezi 60, ambazo kompyuta nyingi hujiwekea zenyewe. G ikarudi kamili, lakini kamera ilipozunguka kutoka kwa besi kwenda kwa soprano, waimbaji walionekana kurukaruka. Sababu ni hesabu tena: 60 haigawanyiki kwa 25, hivyo picha nyingine hukaa muda mrefu kuliko mwenzake. Kwa hezi 50 kila picha hukaa sawasawa. Nikaiweka mashine ianze kwenye 50, kisha nikaiachia Kodi ibadilishe yenyewe kufuatana na video: diski za kwaya 50, filamu za mdogo wangu 24. Kila mtu akapata haki yake.

Ikabaki mistari. Mikono ya waimbaji iliposogea, kingo zake zilikuwa na meno kama ya kitana. Diski hizo ziliandikwa kwa mtindo wa kale wa nusu-picha mbili zinazopishana, mistari ya shufwa na ya witiri, na skrini za sasa zinaonyesha picha nzima kwa pamoja. Kipengele cha kutenganisha mistari kiliondoa meno na kufanya mwendo kuwa laini zaidi.

Kisha sabufa. Niliichomeka moja kwa moja kwenye kompyuta, kwa kuwa spika za televisheni haziwezi kushindana na mvua juu ya bati. Baba akaona kwamba mkono wake kwenye skrini unashuka wakati sauti imeshatoka. Alikuwa sahihi tena. Televisheni hutumia muda kidogo kuisafisha picha kabla ya kuionyesha, wakati sauti haipiti huko. Kodi ina sehemu ya kuichelewesha sauti kwa hatua ndogo ndogo. Nilikuwa nikibonyeza, naye akipiga pigo gotini, mpaka akasema, “Hapo. Usiguse tena.” Sikugusa tena. Hadi leo thamani hiyo iko vile vile, na kipimo chake ni goti la mwalimu wa kwaya.

Ninaamini kabisa kwamba mashine ya sebuleni inapaswa kupimwa na mtu wa namna hiyo. Ningekuwa nimeifunga peke yangu Mbeya, kwenye skrini yangu, ningeona picha safi na kusema tayari. Vipimo vyangu vyote vilikuwa vya macho.

Jumapili ya Pasaka, baada ya ibada, nyumba ilijaa. Walikuja waimbaji wa zamani, shangazi akiwa mbele. Mama alileta chai na viazi. Umeme ulikatika katikati ya wimbo wa kwanza na kurudi baadaye, na mashine ikajiwasha yenyewe kama ilivyoamriwa. Baba akachukua rimoti, akafuata mishale, akairudisha Pasaka ile bila kuniita. Shangazi alijiona akiwa kijana kwenye safu ya alto, akaanza kuimba sauti yake. Wengine wakaingia. Mvua ilikuwa kubwa lakini sabufa na watu walitosha. Baba alisimamisha picha mara kadhaa ili kuwasahihisha watenori, wale wa kwenye kochi, si wale wa kwenye skrini.

Wakati wa kuaga shangazi alinishika mikono miwili, akasema, “Ndaga fijo, mwanangu,” yaani asante sana kwa Kinyakyusa, kisha akaniuliza kama zile za harusi yake nazo zinaweza kuingia humo. Nikamwambia azilete haraka, kabla ya masika mengine.

Niliondoka na nakala ya kila kitu kwenye diski ya nje, ya kukaa Mbeya mbali na unyevu, na nyingine mdogo wangu aliichukua. Wiki iliyofuata Baba akapiga simu. Katibu wa kwaya alikuwa amefika na mfuko wa diski za waimbaji mbalimbali, na Baba alikuwa amemrudisha nao nyumbani.

“Kwa nini, Baba?”

“Hazina majina. Nimemwambia kila diski ije na mwaka, na nani aliimba sauti gani. Na do yake.”